Programu za kiharusi zimfikirie anayeuguza

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nizungumzie programu za simu za afya, hasa zile za waliopatwa na kiharusi. Namuuguza mzazi wangu hapa Wete, na nyingi nilizozifungua zina mambo mawili tu: kikumbusho cha dawa na pahala pa kuandika presha. Si vibaya, maana presha ikiachiwa huleta kiharusi cha pili. Lakini kengele ya dawa hata saa ya mezani inapiga.

Anayeuguza ana maswali mengine kabisa. Mgonjwa karejeshwa nyumbani, apewe maji au asipewe? Wengi hatuambiwi kuwa kiharusi kinaweza kulegeza koo, na kwamba maji matupu humpalia mgonjwa upesi kuliko uji mzito. Yakimwingia mapafuni, ndiyo nimonia hiyo. Alishwe amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, wala asilazwe papo hapo akishamaliza. Kunyanyuliwa nako ni mtihani. Jamaa wakija kumtazama, kwa mapenzi yao humshika ule mkono uliopooza wakauvuta, na bega linaweza kuteguka. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo makalio na visigino huanza kufanya vidonda.

Haya hayafundishiki kwa maandishi marefu ya Kiingereza. Yanataka video fupi, zilizopigwa kwenye godoro la chini kama letu, na sauti ya Kiswahili, kwa kuwa mikono ya anayeuguza ina kazi. Ikishapakuliwa ifanye kazi bila bando. Na mwenye simu ya kitochi naye apigiwe ujumbe wa sauti; kwa nini akoseshwe?

Njia ya kuyafikisha haya tunayo. Kupitia Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa hapa Zanzibar, wahudumu wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao, Unguja na Pemba, wakifuatilia zaidi wajawazito na watoto wadogo. Kiharusi kiingizwe humo. Mhudumu ni mtu wa shehia yetu, hatumfungii mlango, na akiona mgonjwa anavyonyanyuliwa ataturekebisha pale pale, jambo ambalo simu peke yake hailiwezi. Ila wafunzwe mazoezi ya viungo na posho yao iongezwe, kwani mzigo walio nao si mdogo.

Kuna swali moja sijaliona katika programu yoyote niliyoifungua: wewe unayeuguza, umelala? Wengi wetu ni mabinti na wake za watoto. Tunaambiwa tunachuma radhi na thawabu, na ni kweli, lakini mgongo unauma vile vile. Programu iulize, na pawe na nambari ya kumpigia mtaalamu pale majibu yanapokuwa mabaya.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya Zanzibar: kabla ya kutia saini mkataba wa programu nyingine, watumeni watengenezaji wakae kutwa nzima na wanaouguza Micheweni na Makunduchi, waone mgonjwa anavyoogeshwa na anavyolishwa, kisha ndiyo wachore hizo kurasa zao.

Anayeuguza mzazi,
Wete, Pemba