Barua kwa vijana wetu wa kwaya: msikubali kuuziwa hofu

Wanangu, hamjambo. Nawaandikia nyote, mlio hapa Malindi na mlioenda kutafuta Mombasa, Nairobi na huko Saudia na Qatar, maana usiku nasoma mnayoandikiana kwenye grupu na moyo wangu hautulii. Huyu auliza kama hizi vita ndio mwisho wenyewe, yule katuma vidio ya mtumishi aliyeoteshwa tarehe, mwingine kapoteza kazi anaambiwa ni laana ya ukoo, na hapo chini ya vidio kuna namba ya M-Pesa, panda mbegu ufunguliwe.

Sisi watu wa Kilifi tuna Shakahola, ule msitu ambako watu walimfuata mhubiri wao, wengi wakafunga kula mpaka wakafa. Aprili 2023 ndio miili ilianza kufukuliwa kule msituni, hesabu ikapita 400, na wengi ni watoto. Mambo ya hukumu ya huyo mhubiri nawaachia majaji. Lakini haikuanzia msituni, wanangu, ilianza na mahubiri tu kama haya ya kwenye simu, kwamba dunia imeisha, shule ni za shetani, hospitali usiende, Huduma Namba, ile namba ya utambulisho ya serikali, ni chapa ya mnyama, na watu wenye kazi zao, wengine wamesoma vizuri, wakahamia huko na watoto wakafunga kula wakidhani wanamwendea Yesu. Msije mkawacheka hata siku moja. Walikuwa wamechoka na dunia kama nyinyi mlivyochoka, na mtu aliyechoka akitokea wa kumwambia mimi naijua siku, anamshika huyo huyo.

Sasa fungueni Yeremia 28 na 29, mzisome pamoja. Watu wamechukuliwa mateka Babeli, na Hanania, aliyejiita nabii, anasimama hekaluni mbele ya makuhani anasema ndani ya miaka 2 wote watarudi. Habari tamu kweli, lakini Mungu hakumtuma. Yeremia yeye anawaandikia barua wale mateka, anawaambia ni miaka 70, jengeni nyumba, limeni mle, oeni mzae, na muuombee amani mji huo huo uliowateka, kwa sababu ukiwa na amani na nyinyi mtapata yenu. Mimi hapo huwa nasimama nasoma tena, manake hakuwaambia wakimbilie nyikani wangoje, aliwaambia wakae palepale penye uchungu na wamche Mungu wakiwa hapo hapo.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, saa kumi alfajiri anakanda unga wa mahamri, mikono iko kwenye beseni na mdomo unaomba, ataja watoto wake mmoja mmoja, na jirani ambaye hawasemezani naye pia anamtaja kwa jina, kisha anabandika karai la mafuta. Maisha yake ni magumu kuliko ya wengi wenu na sijamsikia akiulizia tarehe. Hiyo amani ndiyo nawatakia.

Kwa hivyo wewe uliye jikoni kwa bosi Riyadh omba, na mshahara wako ukikaliwa udai, kuomba hakukatazi kudai. Wewe wa boda omba kabla hujawasha, alafu mrudishie mteja chenji yake kamili hata kama hakuhesabu, manake uaminifu kwa Mungu unaonekana hapo kabla haujaonekana madhabahuni. Dawa za presha, za sukari, za ARV, usiziache kwa kuwa umeombewa, rudi kwa daktari akupime, Mungu akiponya haogopi kipimo. Na mtumishi akikukataza kuuliza swali, toka. Akikuambia umkate mama yako, toka mbio.

Jumamosi baada ya mazoezi nitakaa pale nje chini ya mwarobaini, mwenye swali aje nalo hata kama ni lile unaliogopa, mlio mbali nipigieni saa yoyote, nitashika. Na kama kuna mwenzenu mnajua ameanza kujitenga, simu hashiki, anauza vitu vyake, nitumieni jina lake leo, msingoje Jumamosi.