Wiki ya tatu ndiyo inayowashinda wagonjwa wa mionzi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu zikiandika habari za saratani ya utumbo mpana, mionzi hutajwa kana kwamba kila mgonjwa lazima aipitie. Si hivyo. Sehemu kubwa ya utumbo mpana hucheza tumboni, na jirani yake ni utumbo mwembamba, ambao hauvumilii mionzi. Uvimbe wa huko kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji, kisha hufuata dawa zikihitajika. Mionzi hasa ni ya puru, yaani sentimita kama 15 za mwisho kabla ya tundu la haja kubwa. Puru imetulia ndani ya nyonga, hivyo inalengeka. Mwenye uvimbe wa juu asiyepangiwa mionzi asidhani amenyimwa tiba, wala asiuze shamba kuifuata.

Aliyepangiwa aulize kwanza: ni ya muda mfupi au mrefu? Ya muda mfupi huwa siku 5, grei 5 kila siku (grei ni kipimo cha mionzi). Ya muda mrefu huwa siku 25 hadi 28, Jumatatu hadi Ijumaa, grei 1.8 au 2 kwa siku, mara nyingi pamoja na vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani, asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwani dawa hizo mbili zikikutana damu inaweza kuvuja. Na kwa anayetoka mkoani, wiki tano na zaidi maana yake ni malazi, chakula na nauli. Hayo yapangwe kabla ya siku ya kwanza.

Jambo linalodharauliwa kuliko yote ni kibofu. Vituo vingi humwambia mgonjwa akojoe, anywe maji kama nusu lita, kisha asubiri nusu saa au zaidi. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo mwembamba juu, ukatoka kwenye njia ya mionzi. Vipimo vya kupangia mionzi vilichukuliwa kibofu kikiwa kimejaa. Ukija siku nyingine kikiwa kitupu, utumbo umeshuka na unapigwa bure. Tatizo ni foleni: umekunywa saa mbili, mashine imesimama, unaitwa saa tano. Usijibane. Nenda kakojoe, mwambie mtaalamu, uanze upya kunywa. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari kwanza, maana maji hayo ni sehemu ya tiba.

Watu husema “kuchomwa mionzi”, na neno hilo huwatisha wengi. Kitandani hutahisi chochote, na mionzi yenyewe huchukua dakika chache. Haibaki mwilini: bibi anaweza kutoka mashineni akambeba mjukuu wake.

Kazi huanza wiki ya pili au ya tatu. Ngozi ya ndani ya utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na mionzi huzuia ujenzi huo, ndipo kuharisha kunapoanza, pamoja na kukojoa kwa maumivu, uchovu na ngozi ya makalioni kuwa nyekundu. Hapo ndipo wengine hufunga mizigo wakisema mionzi imewazidi nguvu. Siku moja iliyopotea kwa sikukuu au mashine kuharibika hufidiwa. Wiki mbili za kukaa nyumbani huupa uvimbe nafasi ya kujijenga upya.

Badala ya kuondoka, hesabu mara unazokwenda chooni na upeleke hesabu hiyo kliniki. Ipo loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, na dozi utaambiwa. Kwa muda huo weka kando maharage, kabichi, dona na pilipili. Kula wali, sembe, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha. Pakiti ya ORS inachanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Si glasi moja kama wengi wanavyofanya. Makalio yaoshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kugusisha kanga laini, bila kusugua. Usipake mafuta wala poda bila kuuliza. Homa ya nyuzi 38, damu nyingi, kushindwa kunywa, au viganja na nyayo kuuma na kuchubuka: acha vidonge vya kapesitabini, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Lipo pia linalosemwa kwa kunong'ona, au lisisemwe kabisa. Mionzi ya nyonga huweza kukatisha hedhi moja kwa moja, kubana uke, na kuathiri mbegu na nguvu za kiume. Mwenye nia ya kuzaa aulize kabla ya siku ya kwanza. Baada ya hapo nafasi imepita.

Tiba ikiisha, madhara huweza kuzidi kwa wiki moja au mbili kabla ya kupungua. Kisha damu hukauka, choo hunyooka, na mgonjwa hujiona mzima. Tarehe ya upasuaji, ambayo baada ya tiba ya muda mrefu huwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, inampita yuko nyumbani. Wapo wachache ambao kwao uvimbe hutoweka na upasuaji ukaahirishwa, lakini hilo huamuliwa kwa kidole cha daktari, kamera na picha ya MRI, kisha hufuatiliwa kila baada ya miezi michache. Choo kisicho na damu hakitoshi kuamua.

Ni sisi wahudumu wa tiba ya mionzi,
Dar es Salaam