Injini yangu si mali?

Mhariri,

Juzi niliingia benki moja hapa Amu kuomba mkopo wa friza la samaki. Nilibeba risiti ya injini yangu ya mashua, nguvu za farasi 40, niiweke dhamana. Afisa akaisoma, akaigeuza nyuma, kisha akauliza: "Hatimiliki ya shamba iko wapi, mzee?" Shamba! Mimi ni mvuvi.

Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana ya mali inayohamishika. Injini, ng'ombe, mazao, hata deni unalomdai mteja, vyote vyaweza kuwekwa rehani. Mkopeshaji huandikisha haki yake katika rejista ya mtandaoni, nawe ukaendelea kuitumia mali yako. Wakopeshaji wakiwa zaidi ya mmoja, kwa kawaida aliyetangulia kuandikisha ndiye hulipwa kwanza.

Hofu ya benki naielewa: injini hubebwa usiku, asubuhi iko Kizingitini, kisiwa kingine. Lakini yangu ina namba iliyogongwa kwenye chuma, na namba hiyo yaandikika rejistani. Wengi wetu hatuna hatimiliki, na huenda tusiipate karibuni. Wahusika wawafunze maafisa wa mikopo sheria hii, waanzie kaunta ile niliyosimama mimi.

Mvuvi,
Langoni, Lamu