Risala ya vijana mafundi seremala Mufindi: taa tunazo, tunaomba umeme wa mashine

Mheshimiwa mgeni rasmi Mkuu wetu wa Wilaya, mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu na wazazi wote mliokuja na baridi hii, shikamooni. Sisi vijana wa kikundi cha useremala tunashukuru sana umekubali kuja.

Mheshimiwa tuanze na kujisifu kidogo. Mufindi kwenye umeme hatudaiwi na mtu. Ruaha Mdogo unaanzia huku kwetu, maji yake yanazungusha mitambo ya Mtera, yakitoka hapo yanashuka Kidatu yanafanya kazi tena. Kihansi megawati 180 iko huko mpakani na Kilombero. Nguzo ndo usiseme, mlingoti wa Mufindi umesimama mpaka mikoa ambayo sisi wenyewe hatujawahi kufika. Halafu kuna mto Mwenga, megawati 4 tangu 2012, viwanda vya chai vikapata umeme wa uhakika na vijiji vya jirani vikaungwa humo humo, na mwaka 2020 wakaongeza mitambo ya upepo, maana kiangazi mto ukipungua ndo upepo nao unavuma vizuri. Kwenye chai hilo si jambo dogo, jani likishachumwa halisubiri, mashine zikisimama linaharibika na hasara inarudi mpaka kwa mkulima, hata kwa mama muuza maandazi pale getini.

Sasa ishu yetu. Umeme kijijini umefika, tulilipa ile shilingi 27,000 ya kuunganishiwa na tunashukuru kabisa, simu tunachaji hapa hapa, saluni zipo, watoto wanasoma usiku. Ila laini iliyopita huku ni fezi moja, ile ya taa na vitu vidogo vya nyumbani, na mashine yetu ya randa inataka fezi tatu, umeme wa mashine kubwa, kwa hiyo tunaiendesha na jenereta la dizeli. Mafuta yakikata katikati ya ubao, ubao unabaki na ngazi, inabidi umalizie na randa ya mkono mpaka bega linawaka moto, na ukija kupiga hesabu ya madawati faida yote imeishia kwenye kidumu cha dizeli. Ndo maana wengi wanaona heri wauze mbao ghafi, zinapakiwa kwenye fuso zinaenda Dar, zinarudi zikiwa vitanda na makabati kwa bei ambayo hata aliyepanda mti haiwezi.

Wakubwa wakisema kijiji kina umeme wanahesabu nguzo na taa, sisi tungeomba wahesabu na mashine. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, umeme upo jamani, kilichobaki ni hizi waya za mwisho.

Maombi yetu ni mawili tu. Kwanza laini ya fezi tatu mpaka eneo la karakana, serikali ya kijiji imeshatutengea, na kama shida ni nguzo mheshimiwa miti tutachangia, nyie mkaitie dawa tu. Pili ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana, andiko letu lipo tayari, tunaomba lisije likakaa kabatini.

Kabla ya chakula tunaomba upite karakana, tutawasha jenereta usikie mwenyewe linavyokunywa.

Naomba kuwasilisha.