Mwanangu, kuhusu kambale uliowaacha

Mwanza, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bibi yako anakusalimia na anauliza kama sweta lile linatosha.

Najua utakachouliza kwanza, basi nakijibu kwanza: wamebaki 83. Uliniachia vifaranga 300 wa siku nne, kiini cha tumboni ndiyo kwanza kimewaishia, wadogo kama punje za uwele zilizoota mkia. Una haki ya kujua wengine walikokwenda, na sehemu yake ni kosa langu.

Siku ya sita niliona maji yamechafuka kwa kiini cha yai nilichokuwa nawalisha. Nikayapunguza, nikajaza ya bomba moja kwa moja. Ulikuwa umeniambia yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa itoke, nami nikasahau. Asubuhi niliopoa 60 kwa kijiko. Nisamehe, mama. Tangu siku ile ndoo mbili za maji hazikosekani pale jikoni, na kiini cha yai nimekiacha kabisa. Nachota viroboto wa maji kwenye lile pipa lako la maji ya kijani, nawapitisha kwenye kipande cha chandarua: wakubwa wanabaki juu, wadogo wanaopenya ndio wanaowaenea mdomoni. Kiroboto asipoliwa leo anaogelea mpaka kesho, haozi kama yai.

Siku ya tisa umeme ulikatika saa tatu usiku, pampu ya hewa ikanyamaza. Kambale mkubwa hilo halimsumbui, hupanda juu akameza hewa. Hawa wetu walikuwa bado. Kile kiungo cha kupumulia hewa, kile chenye vitawi juu ya matamvua, kilikuwa hakijawaota, uhai wao wote uko kwenye hewa iliyomo majini. Nikakaa na kikombe, nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mkono huu ukifa ganzi nahamia huu. Saa saba bibi yako alitoka chumbani akanipokonya kikombe bila kusema neno. Unamjua, ni Msabato, kambale hamgusi kwa kuwa hana magamba, na lile tangi hakulipenda sebuleni kwake tangu ulipolileta. Alimwaga maji mpaka saa kumi. Umeme uliporudi nilimkuta ameinama na tochi, anawatazama mmoja mmoja. Usiku ule hakufa hata mmoja.

Wiki ya pili nikaanza kukuta vichwa. Vichwa tu, vimelala chini ya tangi, kiwiliwili hakuna. Nilidhani ni ugonjwa, mpaka nilipokesha nikaona kwa macho yangu: aliyekua upesi kidogo anamshika mwenzake mkiani, anamla kuanzia huko, akifika kwenye fuvu linamshinda, analitema. Siku chache baadaye hata vichwa sikuviona tena, ila hesabu inazidi kupungua. Walikuwa wamepishana ukubwa kiasi cha kumezana wazima. Hapo ndipo tulipopoteza zaidi ya 150, na hilo linaniuma kuliko yale maji ya bomba, kwa sababu nilikuwa naangalia tu nisijue la kufanya.

Sasa wamegawanywa. Wakubwa wako kwenye tangi la kioo, wa kati na wadogo kwenye mabeseni mawili, na kila baada ya siku nne au tano nawapanga upya, kwa maana hata kwenye kundi la wadogo hutokea mmoja akawapita wenzake. Nawafunika kwa kanga ya bibi yako, gizani wanatulia na hawaumani sana. Chakula kingi nawapa usiku. Nikilala wakiwa na njaa, wao watakula wanachokiona.

Wiki ya tatu mdogo wako alikuja mbio: "Baba, wanakufa, wanakuja juu!" Nikaenda kutazama. Mmoja alipanda, akafungua mdomo, akavuta hewa, akashuka zake. Kisha mwingine. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Siku hizi naacha nafasi kati ya maji na kifuniko, ila kifuniko chenyewe sikiondoi, wameshajua kuruka.

Leo wanatimiza wiki ya sita. Jana jirani anayetega ndoano za sangara alipita, akawaona, akataka wakifika urefu wa kidole awanunue wote wawe chambo. Nimemwambia mwenye kambale yuko shuleni, anafunga mwezi wa sita. Niandikie unavyotaka. Ila mdogo wako amegundua mmoja mwenye masharubu saba badala ya manane, na ameshatutangazia wote kwamba huyo hauzwi.

Ni mimi baba yako