Kompyuta kuukuu ndiyo iliyoshika daftari la madeni, nianzie wapi?

Assalam aleikum jamani. Nina kiduka cha kuprinti na kupiga kopi hapa Lamu, nyuma ya Usita wa Mui, alianzisha baba Mungu amrehemu na sasa tunakishika mimi na kakangu. Najua barua ni ndefu, nivumilieni.

Tuna mashine tatu. Mbili zina Windows 10, ya kaunta bado ina Windows 7, msinicheke, najua Microsoft waliacha kuitolea apdeti za usalama tangu Januari 2020 na hiyo 10 nayo ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Nilikuwa najua ila mambo ya duka mnayajua, kitu kikiwa kinawaka unasema acha kwanza.

Kilichonishtua ni mama mmoja wa Shela, amepanda boti asubuhi kuja kujaziwa fomu ya mwanawe kwa mtandao. Zile mbili zina watu, nikamweka kaunta. Ukurasa ukafunguka nusu, pale pa kuweka picha hapaonekani, ni mstari wa kijivu tu, nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi naye kimya anaangalia saa. Kumbe Chrome ya kufungulia mtandao iliyomo ni toleo la 109 na kwa Windows 7 haiendi mbele tena, waliacha tangu 2023. Nikamrudishia hela yake, akasema "haidhuru mwanangu", lakini uso niliuona.

Sasa mtasema si ununue nyingine. Ngojeni. Hiyo kuukuu ndiyo inayoendesha printa yetu kubwa ya A3, ni ya mtumba na draiva yake, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, inaishia Windows 7, nimetafuta mpya mpaka nimechoka. Halafu humo ndimo ilimo programu ya madeni, alitutengenezea kijana wa mtaani ambaye sasa yuko Oman na namba yake haipatikani. Madeni ya madrasa, ya mahoteli, ya kadi za harusi, yote humo na bakapu sina. Diski ikifa nitamdai nani? Na hewa ya chumvi ndiyo hii, juzi nimeigeuza nyuma, matundu ya USB yana kutu rangi ya chai, juu yake chokaa inayomwagika kutoka darini.

Ushauri nimepewa mwingi mpaka kichwa kinauma. Fundi anasema zile mbili za Windows 10 zina prosesa ya i5 ya jenaresheni ya 4, na Windows 11 inataka ya 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ila yeye ana flashi ya kuruka hayo masharti. Nikamuuliza na apdeti zitaendelea kuja? Akaanza kunisifia duka. Mpwa wangu anasema shangazi weka Linux Mint badala ya Windows, bure, na kweli nimeiona kwake ni nyepesi, lakini wateja wanakuja na kadi zao zimepangwa kwa Word, tukazifungua huko maandishi ya Kiarabu yote yakahama, jina la bwana harusi likaenda kukaa kwenye tarehe. Kuna pia kulipia apdeti za Windows 10, kwa biashara ni dola 61 kila mashine mwaka wa kwanza, wa pili inakuwa maradufu, wa tatu maradufu tena na 2028 basi. Kwa mashine hizi naona ni kumvisha punda koja la asumini. Kakangu yeye anasema haijaharibika unaitafutia nini, na hajakaa kaunta hata siku moja.

Mimi hofu yangu ni flashi za watu. Kila anayeingia anachomeka yake, na humo ndani mna vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa tulivyoskani. Mpwa alinihadithia kile kirusi cha WannaCry cha 2017 kilichofunga faili za watu, dawa yake, yaani apdeti, ilitoka Machi, chenyewe kikaja Mei, na waliokuwa hawajaapdeti ndio waliolia. Sasa sisi dawa yenyewe haiji tena.

Hela niliyonayo inatosha mashine moja tu ya mtumba yenye Windows 11. Nafikiria iwe ya kaunta, ile kuukuu niikate intaneti kabisa ibaki ya printa. Lakini faili nitazipeleka kwa nini kama si flashi hizo hizo? Na madeni nitayatoaje, programu haina pa kutolea Excel, inaprinti tu. Mpwa anasema hadi diski yote inaweza kunakiliwa ikawa inafunguka ndani ya kompyuta mpya kama dirisha. Kuna aliyewahi kuifanya na programu ikakubali? Au niprinti yote nikae usiku niandike upya?

Na zile mbili za Windows 10 niziache zifanye kazi za ndani tu bila mtandao, au ndio najidanganya? Nijibuni kabla shule hazijafunguliwa, zikifunguliwa hapa hata chai sinywi.