Risala ya wazazi na wachezaji wa timu yetu ya mpira ya wasichana, Tallaght, Dublin, Ayalandi, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu, shikamoo. Wazazi wenzangu, makocha mnaotoa Jumamosi zenu zote bila malipo, watoto wetu, na majirani mliosikia kelele mkaja kuona kuna nini, karibuni sana, viti vipo na chai ya tangawizi ipo kwenye zile chupa mbili pale mezani.

Mama, timu hii ilianza na watoto sita na mpira mmoja, sa hivi wapo 19. Wazazi tumetokea Tanga, Mombasa, Bukavu, Bujumbura, na watoto wengi wamezaliwa hapa hapa Dublin, Kiswahili chao kina lafudhi ya Tallaght. Kwa kawaida risala inaanza na historia ya kikundi, ila yetu ni fupi mno, kwa hiyo watoto wameomba tukusomee historia ya dada yao Katie McCabe, mchezaji mpira wa timu ya taifa ya wanawake ya Ayalandi, kwa sababu katokea hapa hapa Kilnamanagh, mtaa ambao wengine tunaupita kila siku tukienda kazini, na maombi yetu ya leo utayaelewa vizuri zaidi ukishajua yeye kapitia wapi.

Katie kazaliwa Septemba 1995 kwenye nyumba ya watoto 11. Kaka yake Gary nae alicheza ligi ya hapa, akapita klabu ya Shamrock Rovers, na Katie mwenyewe alianza kwa kucheza na wavulana timu ya mtaani. Baadae akaenda klabu za hapa Dublin, Raheny United kisha Shelbourne, na Desemba 2015 akasajiliwa Arsenal akiwa na miaka 20. Hapo ndo wajomba wa watoto wetu huko Dar na Mombasa, ambao Arsenal kwao ni kama ukoo, walipoanza kulijua jina lake, yani sa hivi mtoto akisema kwenye simu ya video kwamba tunakaa Tallaght, mjomba anauliza, si ndo kwao McCabe?

Lakini London haikumpokea kwa mikono miwili. 2017 klabu ikampeleka kwa mkopo Glasgow City huko Uskoti, na hapa naomba wachezaji wetu msikilize, maana kuna wiki mbili zilizopita mtu aligoma kuja mazoezini kwa sababu kawekwa benchi. Katie alienda Glasgow, akacheza, timu ikabeba ligi, akarudi Arsenal, kocha Joe Montemurro akampa nafasi, na msimu wa 2018/19 wakawa mabingwa wa Uingereza. Alienda pale ni winga, wakamrudisha nyuma akawa beki wa kushoto, wakampandisha tena, wakamshusha tena, na popote walipomuweka upande ule alicheza na hasira zile zile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wazazi limetugusa kuliko magoli. Aprili 2017, wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Ayalandi walikaa mbele ya waandishi wa habari pale Liberty Hall, mjini Dublin, wakasema hadharani kwamba traksuti wanazovaa wakisafiri ni za kushea na timu za vijana, hivo wakirudi kutoka safari inabidi wazivue kwenye vyoo vya uwanja wa ndege wazirudishe. Mama, hii ni timu ya taifa! Watu wazima, wengine wanaomba ruhusa kazini bila mshahara ili waje kuchezea nchi yao. Wakasema wasiposikilizwa hawachezi na Slovakia. Wakasikilizwa, mechi ikachezwa hapa hapa uwanja wa Tallaght, wakashinda 1-0.

Mwaka huo huo Katie akapewa kitambaa cha ukapteni, umri miaka 21, haijawahi kutokea kapteni mdogo hivo kwenye timu ile. Na Agosti 2021 yeye kwa upande wa wanawake na Séamus Coleman kwa upande wa wanaume wakasimamia makubaliano na chama cha soka, wanaume wakakubali kupunguza posho zao, chama kikaongezea, na tangu hapo malipo ya timu ya taifa yakawa sawa kwa wote. Kutoka chooni airport mpaka hapo ni miaka minne tu, ila walisema kwanza. Wasingesema ingekua bado.

Baada ya hapo mpira ukafunguka. Oktoba 2022 wakaenda uwanja wa Hampden Park, mji ule ule wa Glasgow alikopelekwa mkopo, Amber Barrett akafunga goli moja, na Ayalandi ya wanawake ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kabisa. Amber ni wa kaunti ya Donegal, na siku nne kabla ya mechi watu 10 walikufa kwenye mlipuko wa Creeslough, kijiji cha huko huko kwao, akawapa lile goli marehemu wale. Wengi wetu tulilia siku ile, sio kwa mpira tu.

Kombe lenyewe lilikua Australia na New Zealand, Julai 2023. Mechi ya kwanza Sydney, mbele ya watu 75,784, hapa kwetu ilikua saa tano asubuhi, wakafungwa 1-0 na wenyeji kwa penati ya Steph Catley. Mechi ya pili Perth na Kanada, mabingwa wa Olimpiki. Tulijaa sebuleni kwangu watoto 12 na mama wanne, saa saba mchana, ugali bado uko jikoni. Dakika ya nne ikapatikana kona. Katie akauweka mpira, akaupiga kwa ule mguu wake wa kushoto, mpira ukakunja hewani kama unaitwa na mtu, kipa akarusha mkono, ukaingia moja kwa moja bila kuguswa na mwenzake yeyote. Goli la kwanza la Ayalandi kwenye Kombe la Dunia la wanawake, na la kona! Mwanangu aliruka akamwaga maji ya kunawa kwenye zulia na sikumsema. Walifungwa 2-1 mwishoni, wakatoka suluhu na Nigeria, wakarudi nyumbani, lakini Septemba mwaka ule walipocheza Aviva, uwanja mkubwa wa hapa Dublin, kwa mara ya kwanza watu walioingia ni 35,944.

Na Mei 2025 pale Lisbon, Ureno, Arsenal wakawapiga Barcelona 1-0, wakawa mabingwa wa Ulaya. Katie alianza beki wa kushoto, na pembeni yake kwenye ukuta ule ule alikua Steph Catley, yule yule wa penati ya Sydney.

Mama yetu, maombi yetu ni mawili. Uwanja tunaokodi haujatupa chumba cha kubadilishia, ufunguo kila wiki wanapewa wengine. Watoto wetu wanabadilisha jezi nyuma ya gari langu, mama wawili tumeshika khanga kila mmoja pembe yake kama pazia, na upepo wa hapa unaujua, khanga inapepea na mtoto anaona aibu. Wana miaka 12 na 13 sasa, umri huo jambo hilo dogo tu linamtoa mtoto kwenye mpira, tumeshapoteza wawili hivo hivo. La pili ni muda, tunapewa saa kumi jioni na Desemba saa kumi na nusu giza limeshaingia, na taa zikiwashwa zamu inakua ya wengine.

Wewe ndo unaingia kwenye vikao vya halmashauri kwa niaba yetu. Tunaomba utusemee, ufunguo wa chumba na saa moja ya taa kwa wiki. Barua tumeiandika, watoto wote 19 wamesaini wenyewe, kapteni wetu ndo huyo anakuja nayo, jezi namba 11, na mwenzake kabeba mpira, tunaomba uupokee halafu utuanzishie mechi.